Mizizi na Paa: Bangi ya Maji na Bangi ya Udongo



Mada niliyopewa ina pande mbili zinazogombana. Upande mmoja wamo wanaootesha bangi kwa haidroponiki: mizizi imo ndani ya maji yaliyoyeyushiwa chumvi za mbolea, au imo ndani ya kitu kisicho na rutuba yoyote, kinachonyweshwa maji hayo mara kadhaa kwa siku. Upande wa pili wamo wanaoiotesha kwenye udongo wa mboji, samadi na minyoo, ule wa kilimo hai. Wa kwanza wanasema wenzao wanalima kwa kubahatisha. Wa pili wanajibu kwamba zao la maji lina sura nzuri na halina harufu. Nimeombwa niseme nani mkweli.

Nitasema, ila nitawachelewesha, kwa sababu naamini ugomvi wenyewe umebebeshwa mzigo usio wake. Watu wakiweka mezani maua ya bangi ya maji na maua ya bangi ya udongo hudhani wanalinganisha mizizi. Mara nyingi wanalinganisha mapaa: jua kwa huku, taa za umeme kwa kule.

Kwanza sheria, tuimalize. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2015, na Kenya, kwa ile ya 1994, zinakataza kilimo cha mmea huu, nami sikuja kumtuma mtu shambani. Lakini tuna ndugu na jamaa Toronto, ambako sheria ya Kanada iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018 inairuhusu kaya kuotesha miche minne. Tunao Minneapolis, ambako tangu Agosti 2023 jimbo la Minnesota linaruhusu minane, isizidi minne iliyochanua kwa wakati mmoja. Lesotho ilitoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo, na Rwanda ikafungua mlango wa kulima kwa ajili ya dawa na kuuza nje mwaka 2021. Na hata asiyetaka kuusikia mmea huu, kama analima nyanya au waridi, mengi ya jioni hii yanamhusu, maana mizizi ya nyanya ina tabia zilezile.

Ugomvi wa maji na udongo ni wa zamani. Jan van Helmont, tabibu wa Brussels, alipanda mche wa mti wenye kilo mbili na ushei ndani ya chombo chenye karibu kilo 90 za udongo mkavu, akaumwagilia maji matupu kwa miaka mitano. Mti ukafika kilo 77 hivi. Alipoukausha udongo na kuupima tena, ulikuwa umepungua gramu zisizofika 60. Akahitimisha kwamba mti wote ni maji. Kitabu chenye habari hiyo kilitoka 1648, yeye akiwa kaburini. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward akaotesha mnanaa katika maji ya mvua, maji ya mto Thames, na maji yaliyokorogwa udongo wa bustani. Kadiri maji yalivyokuwa machafu ndivyo mnanaa ulivyonawiri. Akasema basi si maji, ni kile kilichomo ndani ya maji. Wote wawili hawakuifikiria hewa. Sehemu kubwa ya uzito wa mmea uliokaushwa ni kaboni iliyochukuliwa hewani kwa nguvu ya mwanga. Lishikeni hili la mwanga, tutalihitaji baadaye.

Katika miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walionyesha kwamba mmea unaweza kukua hadi kuzaa mbegu ndani ya maji yenye chumvi chache tu zinazojulikana, zenye naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, salfa, chuma. Toka hapo hoja moja imefungwa. Mzizi haumezi mboji, wala hauli samadi. Karibu vyote unavyovichukua ni chembe ndogo zilizoyeyuka, na hauulizi naitreti hii imetoka kwenye mfuko wa kiwandani au kwenye zizi la mbuzi. Anayewaambia kwamba naitrojeni ya kinyesi ni tamu kuliko ya kiwandani anawauzia hadithi.

Lakini subirini. Hiyo haina maana kwamba udongo na maji ni mamoja.

Mwenye kuitangaza haidroponiki kwa dunia alikuwa William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika miaka ya 1930 nyanya zake zilizooteshwa majini zilipanda juu mita saba na zaidi, magazeti yakapiga kelele, na watu wakaanza kuamini kwamba mashamba yamepitwa na wakati. Chuo kikawapa kazi Dennis Hoagland na Daniel Arnon waichunguze habari hiyo. Waraka wao wa mwaka 1938 ungali unasomwa. Waliotesha nyanya kwenye udongo mzuri, kwenye mchanga na kwenye maji, zote ndani ya banda moja la vioo na kwa matunzo sawa, wakakuta kwamba mavuno hayakupishana kwa namna ya kutangaziwa magazetini, wala ladha. Chenye kuweka kikomo, walisema, ni mwanga na hali ya hewa iliyo juu ya mmea. Ajabu ni kwamba mchanganyiko wa chumvi unaoitwa kwa jina la Hoagland umeenea duniani kote, na onyo lililokuja pamoja nao limesahaulika. Kila anayefungua duka la vifaa vya haidroponiki angepaswa kulisoma kabla ya kupanga bei.

Miaka michache kabla ya hapo Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi India kwa muda mrefu, alikuwa akirundika mabaki ya mazao na kinyesi cha ng'ombe huko Indore, akitafuta njia ya kutengeneza mboji kwa wingi. Kitabu chake cha 1940 ni moja ya nguzo za kilimo hai. Howard aliwacheka wakemia kwa kuuona udongo kama chombo cha kushikia mmea usianguke. Aliyaona makuvu yanayojishikiza kwenye mizizi, yakipeleka maji na fosforasi kwa mmea na kulipwa sukari. Bangi nayo inashirikiana na makuvu ya aina hiyo. Ukimimina fosforasi nyingi ya kuyeyuka, ushirika huo hufifia, kwa kuwa mmea hauna haja tena ya kulipa sukari yake kwa kitu unachokipata bure.

Sasa tufike kwenye tofauti yenyewe ya mizizi, ambayo mimi naiona ni tofauti ya muda.

Anayelima kwa maji ni kaya inayonunua unga wa kibaba kila jioni. Hakuna kinachooza ndani wala kinacholiwa na panya, na mwenye nyumba anajua hasa kila mtu amekula nini. Ila duka likifungwa siku moja, watoto wanalala na njaa. Udongo ni ghala. Chembe za mfinyanzi na za mboji zina chaji hasi, kwa hiyo zinashikilia potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na amoniamu, na kuziachia kidogo kidogo. Mchanganyiko wa maji hauna mshikilizi huyo. Ukikosea kipimo cha mbolea asubuhi, majani yanaweza kukuonyesha ncha zilizoungua kesho yake. Kiwango cha tindikali, yaani pH, kinatakiwa kikae kati ya 5.5 na 6.5 hivi, nacho kwenye tangi dogo huhama kila siku mmea unapokunywa. Kwenye udongo wenye mboji nyingi kosa hilohilo humezwa na ghala, na pengine hutalijua kabisa.

Halafu kuna oksijeni. Mizizi inapumua. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu, na wakati huohuo mizizi iliyopata joto inadai zaidi. Hapo ndipo anapoingia Pythium, kiumbe anayeogelea kutoka mzizi hadi mzizi na kuugeuza kamasi ya kahawia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, waliyaeleza magonjwa haya katika bangi ya haidroponiki mwaka 2018: Pythium na Fusarium kwenye mizizi ya mashamba yenye vifaa vya kisasa kabisa. Tangi moja linalozungusha maji kwa miche mia linazungusha na ugonjwa kwa miche mia. Udongo nao una Pythium na Fusarium, ila humo wanakutana na maelfu ya viumbe wengine wanaogombea chakula kilekile, na safari kutoka shina hadi shina ni ndefu.

Kwa mwenye mtaji mdogo na umeme wa kukatika, hoja hii peke yake inatosha kuamua. Mizizi inayoning'inia hewani na kupuliziwa ukungu wa maji ina saa chache za kuishi pampu ikinyamaza. Ndoo ya udongo haijui kama umeme umekatika.

Mbona basi wakulima wakubwa wa bangi ya dawa wanapenda maji? Kwa sababu muda unafanya kazi upande wao pia. Bangi nyingi huchanua usiku unapofikia urefu wa saa 12 au zaidi, na huchukua wiki nane hadi kumi kukomaa tangu hapo. Katika wiki hizo mahitaji yake ya chakula yanabadilika. Mwenye tangi hubadilisha mchanganyiko alasiri moja, na kesho mmea unakula chakula kingine. Mwenye udongo hana uwezo huo. Naitrojeni ya samadi lazima bakteria waivunje kuwa amonia, wengine waigeuze naitraiti, kisha naitreti, na mwendo wao unafuata joto na unyevu, haufuati kalenda ya mkulima. Samadi uliyoizidisha mwezi wa Mei haiwezi kuombwa irudi Agosti. Itaendelea kuachia naitrojeni wakati mmea unatakiwa utengeneze utomvu. Kiwanda cha dawa kinataka kila chupa ifanane na ya jana, na hapo ndipo tangi linapolipa gharama yake. Anayelima miche minne nyuma ya nyumba yake huko Scarborough, Toronto, hana mkataba wa namna hiyo na mtu yeyote.

Nimekuwa nikisema maji na udongo kana kwamba ni nchi mbili zenye mpaka. Siku hizi sehemu kubwa ya bangi inayoitwa ya haidroponiki haijawahi kuogelea. Imepandwa kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa. Naam, makumbi yetu haya. Wasikilizaji wa kutoka Paje na Jambiani, Zanzibar, wanajua kazi yake ya asili: kinamama huyafukia kwenye maji ya kina kifupi ya bahari kwa miezi, huyafukua, huyaponda na kusokota kamba. Ule unga unaobaki baada ya nyuzi kutolewa, ambao zamani ulikuwa taka huko India na Sri Lanka, sasa unakandamizwa kuwa matofali na kupelekwa Uholanzi, Kanada na California. Unashika maji vizuri na bado unaacha nafasi ya hewa. Kasoro yake kwa kiasi inatokana na bahari: una sodiamu na potasiamu nyingi, hivyo wauzaji wazuri huuosha kwa maji baridi na kuuloweka kwenye chumvi ya kalsiamu kabla ya kuuza, na wauzaji wabaya hawafanyi hivyo. Baadhi ya mashamba ya waridi ya Naivasha yaliuacha udongo zamani na kuhamia makumbi na mawe mepesi ya volkano, kwa hiyo elimu hii ipo hapa kwetu, ina wazee wake na mafundi wake.

Makumbi yanavuruga mpaka. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Ontario, waliotesha bangi kwenye makumbi wakainywesha mbolea hai ya maji kwa viwango tofauti. Haya tuyaite nini? Udongo haumo, chumvi za kiwandani nazo hazimo. Matokeo yao yalikuwa na fundisho kwa pande zote mbili: katika kipindi cha kuchanua, mbolea ilipoongezwa uzito wa maua uliongezeka, lakini kiwango cha THC, kemikali yenye kulevya, ndani ya maua kilishuka. Mmea unaoshiba sana hujaza nyama kuliko unavyojaza utomvu. Wenzao wa Utah, Westmoreland na Bugbee, walichapisha mwaka 2022 jaribio lililoonyesha kwamba kuongeza fosforasi juu ya kiwango cha kawaida hakuongezi mavuno wala ubora. Kinachoongezeka ni fosforasi inayotiririka chini ya chungu. Nendeni basi kwenye duka lolote la vifaa vya bangi Marekani mkatazame rafu ya mbolea za kuchanulishia. Chupa baada ya chupa, fosforasi ndiyo inayotangazwa. Na wa upande wa mboji wasicheke, kwa sababu rafu ya pili ina vifuko vya kinyesi cha popo vinavyouzwa kwa bei ya marashi, kwa ahadi ileile.

Nimekaa sana ardhini. Tuinue macho tutazame paa.

Bangi iliingiaje ndani ya nyumba? Si kwa ushauri wa wataalamu wa kilimo. Kaskazini mwa California, katika wilaya za Humboldt, Mendocino na Trinity, watu waliokimbia miji tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 waliipanda milimani, kwenye udongo, juani, wakijifunza mboji kama walivyojifunza kufuga mbuzi. Mwaka 1983 serikali ilianzisha kampeni ya kuing'oa, na helikopta zikaanza kuruka juu ya milima hiyo kila msimu wa mavuno. Shamba linaonekana kutoka angani. Chumba hakionekani. Wakulima wakaanza kuingia ndani: gereji, ghorofa za chini ya ardhi, makontena yaliyofukiwa. Ndani hakuna jua, kwa hiyo taa za sodiamu zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara na viwanda zikawa jua. Na ndani ya chumba kidogo chenye kodi kubwa na hatari ya jela, hakuna mtu mwenye subira ya kungoja bakteria. Anataka mavuno manne au matano kwa mwaka. Haidroponiki iliifaa hali hiyo. Serikali ililijua jambo hilo vizuri, ndiyo maana tarehe 26 Oktoba 1989 idara ya kupambana na dawa za kulevya ya Marekani ilivamia maduka ya vifaa vya haidroponiki katika majimbo 46. Hawakuvamia maduka ya mboji.

Kwa hiyo ule muungano tunaouona kama wa kawaida, wa maji na taa kwa upande mmoja, udongo na jua kwa upande wa pili, haukufungishwa na sayansi. Ulifungishwa na helikopta. Unaweza kuweka makumbi na chumvi chini ya jua, kama Naivasha. Unaweza kuweka udongo hai chini ya taa, na wapo wengi wanaofanya hivyo Kanada kwa sababu Januari ya Winnipeg haina huruma. Lakini ndimi za watu zimeshazoea kuyafunga mambo haya mawili pamoja, kisha lawama za paa zinakwenda kwa mizizi, na sifa za jua zinakwenda kwa mboji.

Hebu tuhesabu. Taa moja ya wati 1,000 ikiwaka saa 12 kwa siku inakula uniti 12. Wiki nane za kuchanua ni siku 56, yaani uniti 672. Mteja wa Tanesco wa daraja la matumizi madogo ana ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Taa hiyo moja imemaliza karibu miezi tisa yake, na bado hatujaiwasha mashine ya kutoa joto ambalo taa yenyewe imelileta, wala ile ya kukausha unyevu ambao mmea umeutoa. Mwaka 2012 mtafiti Evan Mills alikadiria kwamba bangi ya ndani ilikuwa ikila asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani, bili ya dola bilioni 6 kwa mwaka, na kwamba kila kilo ya zao ilikuja na kilo 4,600 za hewa ya ukaa. Wengine walidhani amezidisha. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walihesabu upya, mahali kwa mahali, wakapata kati ya kilo 2,283 na kilo 5,184 kwa kila kilo ya maua makavu, kutegemea hali ya hewa na namna umeme wa mahali unavyozalishwa. Sehemu kubwa ya mzigo ni kupoza, kupasha na kukausha hewa, pamoja na taa. Katika hesabu hiyo, pampu ya maji ya haidroponiki haionekani hata kidogo. Mtu aliyebadilisha makumbi kwa mboji akaziacha taa zinawaka, kisha akaandika kwenye pakiti kwamba bangi yake ni rafiki wa dunia, amebadilisha kitasa cha mlango wa nyumba inayoungua.

Na harufu? Hapa watu wa udongo wana ushahidi wanaoupenda. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha kazi waliyoifanya juu ya mimea ya California. Walichukua vipande vya mmea mama mmoja, yaani nasaba ileile kabisa, kwa aina mbili za bangi. Vingine vilioteshwa ndani, chini ya taa na katika udongo bandia. Vingine nje, juani, katika udongo hai. Mimea ya nje ilikuwa na tapini nyingi zaidi na za aina nyingi zaidi, na tapini ndizo zinazobeba harufu. Ya ndani ilikuwa na zaidi ya zile kemikali zinazopatikana THC na ndugu zake wanapozeeka na kuharibika. Kazi nzuri. Lakini tazameni ilivyopangwa: taa pamoja na udongo bandia, dhidi ya jua pamoja na udongo hai. Vitu viwili vimebadilishwa kwa pamoja. Jua lina miale ya urujuanimno ambayo taa nyingi hazina. Nje kuna upepo, usiku wa baridi, wadudu wanaotafuna, na mmea hujibu yote hayo kwa kutengeneza kemikali za kujilinda. Tofauti ile inaweza kuwa ya mboji. Inaweza kuwa ya jua. Nikilazimishwa kuweka shilingi yangu, nitaiweka kwenye jua, nikikumbuka Hoagland na Arnon.

Lakini msiondoke hapa mkidhani jua na udongo havina dhambi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya vijito vinne vya kaskazini-magharibi mwa California ulionyesha kwamba maji yaliyovutwa kwa ajili ya mashamba ya bangi ya milimani yaliweza kukausha baadhi ya vijito wakati wa kiangazi, vijito wanamozaliana samaki wa samoni. Kwenye mashamba ya siri ndani ya misitu ya umma, sumu ya panya iliua wanyama adimu wa jamii ya kicheche. Na udongo unakumbuka. Katani, ambayo ni ndugu wa damu wa bangi, hufyonza metali nzito vizuri kiasi kwamba mwaka 1998 ilijaribiwa karibu na Chernobyl kusafishia ardhi. Mmea unaoweza kusafisha ardhi chafu umeibeba taka hiyo ndani yake. Mchicha utauosha na kuuchemsha. Ua la bangi halioshwi, linachomwa na kuvutwa mapafuni. Anayelima udongoni bila kuupima udongo wake anamwachia mteja akapime kwa mapafu. Mwenye tangi naye, kama hakujua fosfeti yake imetoka mgodi gani na ina kadmiamu kiasi gani, asijitape.

Imebaki habari ya lebo, ambayo nitaipitia kwa haraka ingawa mawakili wameishi humo miaka mingi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 juu ya mazao ya kilimo hai inadai mpango wa shamba ukuze rutuba ya udongo. Bodi inayoishauri wizara ya kilimo ilipendekeza mwaka 2010 kwamba haidroponiki isipewe cheti. Mwaka 2017, huko Jacksonville, Florida, bodi hiyohiyo ikapiga kura tena, na pendekezo la kuizuia likaanguka kwa kura 8 dhidi ya 7. Watetezi wa udongo wakaenda mahakamani, wakashindwa mwaka 2021, wakakata rufaa, wakashindwa tena 2022. Umoja wa Ulaya umeshika njia nyingine: kanuni zake zinataka mizizi iwe kwenye udongo ulioungana na ardhi iliyo chini yake, na haidroponiki imefungiwa nje.

Sasa uwekeni mmea wetu katikati ya hayo. Kwa kuwa serikali kuu ya Marekani bado inaihesabu bangi kuwa haramu, bangi haiwezi kupewa cheti cha taifa cha kilimo hai hata ikimea kwenye mboji bora ya Humboldt, wakati nyanya ambayo haijawahi kugusa ardhi inaweza kukipata. California ikalazimika kutunga alama yake yenyewe mwaka 2021, iitwayo OCal, kwa bangi iliyolimwa kwa masharti yanayolingana na ya kilimo hai. Nawaonea huruma wanunuzi. Lebo inawaambia habari za mizizi, na wengi wao wanachotaka kujua ni kama kuna sumu ndani na dunia imelipa kiasi gani, mambo ambayo cheti cha maabara na bili ya umeme vingeyajibu vizuri zaidi.

Kwa hiyo jibu langu, kwa walionialika. Kwa mmoja wetu aliye Ontario na miche yake minne ya halali, majira ya joto, uani penye jua: udongo, chungu kikubwa, mboji iliyopimwa, na asinunue chupa yoyote. Kwa kampuni yenye mkataba wa dawa nyanda za juu za Lesotho au Rwanda: makumbi na chumvi zilizopimwa, chini ya nailoni au vioo vinavyopitisha jua, kwa sababu nchi zilizo karibu na ikweta au zenye anga safi zina mali ambayo Winnipeg inainunua kwa uniti. Mtu akija kuwauzia kontena lenye taa, akiwaambia ndiyo teknolojia, mwulizeni kwa nini anauza taa Afrika.

Na kwa vijana wa vyuo vya kilimo walioko ukumbini, ambao zao lao laweza kuwa nyanya au basili ili sheria isiwasumbue, nina jaribio ninalotaka kuliona. Vikonyo vya mmea mama mmoja. Vitalu vinne: udongo hai juani, makumbi na chumvi juani, udongo hai chini ya taa, makumbi na chumvi chini ya taa. Maji ya chanzo kimoja, joto lililo karibu sawa, misimu mitatu mfululizo ili udongo upate nafasi ya kuzeeka na kujijenga, maana msimu mmoja unaudhulumu. Pimeni harufu kwa mashine, pimeni metali, someni mita ya umeme kila Ijumaa. Kisha waiteni waonjaji, na kwenye sahani zao msiweke jina lolote, wekeni namba tu.